Sura ya Herufi na Ukweli wa Neno

Watu wengi hudhani kwamba sura ya herufi haina maana yoyote. Husema kuwa A ni A, iwe nene au nyembamba, na kwamba kazi yake huisha pale msomaji anapolitambua neno. Lakini mtu afunguaye jarida huiona sura ya herufi kabla hajalisoma neno lenyewe. Kichwa cha habari kilichopigwa chapa kwa herufi nene na nyeusi humtia wasiwasi kabla hajajua kama habari ni ya vita au ya mpira. Na kichwa chenye herufi nyembamba, zilizopangwa kwa utulivu, humweka tayari kusikiliza. Basi sura ya herufi ni sauti inayolitangulia neno. Katika insha hii tunakusudia kuuliza swali moja: mtu anayelichorea jarida herufi zake lenyewe za vichwa vya habari, herufi zisizotumiwa na jarida jingine, ana wajibu gani? Je, yeye ni fundi wa mapambo tu, asiyehusika na yasemwayo kwa herufi zake, au naye ni mmoja wa wasemaji?

Swali hili laweza kuonekana dogo katika nchi ambayo ina mahitaji mengi yaliyo makubwa zaidi. Sisi hatulioni hivyo. Tangu Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, tumezungumza sana juu ya ngoma, nyimbo, vinyago na msamiati wa Kiswahili. Juu ya sura ya Kiswahili kinapoonekana kwa macho hatujasema mengi. Twakisanifu, twakitungia maneno mapya, kisha twakivika nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mwingine.

Pwani yetu haikuwa ngeni kwa sanaa hii. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, nayo yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107. Aliyeyachonga hakutaka yasomeke tu. Alitaka sura yake ilingane na heshima ya mahali pale. Kadhalika kanga: jina lake, lililoandikwa zamani kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa herufi kubwa za Kirumi, ni kichwa cha habari kinachovaliwa mwilini, nalo husomwa na jirani kutoka ng'ambo ya ua.

Herufi za Kirumi zilienea kwa njia ya misheni na serikali za kikoloni. Mwaka 1888 Misheni ya Vyuo Vikuu ilianza kutoa gazeti la Msimulizi huko Kiungani, Unguja. Na mwaka 1923 serikali ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo huko Dar es Salaam. Huku mlimani, Kilema iliwapokea wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na pamoja na kanisa zikaja shule na miche ya kahawa. Kahawa ikazaa vyama: kwanza kile cha wakulima wa Kiafrika wa Kilimanjaro mwaka 1925, kisha Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 Baraza la Wachagga nalo likawa na gazeti lake la Kiswahili, jina lake Komkya. Hivyo katika muda wa maisha ya mtu mmoja mzee, mlima huu ulijifunza kusoma, kuuza na kubishana kwa maandishi.

Sasa na tuyatazame majina hayo: Kilimanjaro, Kilema, Kibosho, Kirua, kahawa, Komkya. Herufi K imejaa humo kama migomba katika kihamba. Hapo ndipo tatizo letu linapoanza. Zamani herufi za kupigia chapa zilikuwa vipande vya risasi, na zile kubwa za matangazo zilikuwa za mbao. Viwanda vya Ulaya viliviuza vipande hivyo kwa mafungu, na idadi ya kila herufi katika fungu ilifuata mahitaji ya lugha ya wenye kiwanda. Fungu lililopangwa kwa ajili ya Kiingereza lilikuwa na E nyingi kuliko herufi zote, na K chache sana, kwa kuwa Waingereza huihitaji K mara chache. Tuchukue kichwa cha habari cha kawaida kabisa cha huku kwetu: WAKULIMA WA KAHAWA WA KILEMA WAKUTANA. Kina herufi 32. Katika hizo, A ni 11, W ni 5, K ni 4, na E ni moja tu. Mpanga chapa aliyekuwa na fungu la Kiingereza angekuta kisanduku cha E kimejaa na kisanduku cha K kitupu. Akiishiwa, ana njia mbili: ama aazime K ya sura nyingine, na kichwa kiwe kama mtu aliyevaa viatu visivyolingana; ama ambembeleze mwandishi abadili maneno. Na ikiwa mwandishi anabadili maneno kwa sababu ya kisanduku kitupu, basi kisanduku kimekuwa mhariri.

Leo kompyuta imeondoa uhaba huo wa vipande, kwani mtu aweza kupiga K elfu moja bila ya kuishiwa. Lakini haikuondoa tatizo la sura. Mchoraji wa herufi huangalia zaidi zile zinazokutana mara nyingi katika lugha yake, na kuziacha nyingine zijitafutie. Katika Kiswahili zinazokutana mara nyingi ni WA, YA, TA, VA na LA, kwa sababu ngeli zetu na viambishi vyetu vimejengwa hivyo. Na hizo ndizo herufi zinazoachana vibaya. W imepanuka juu, A imepanuka chini. Zikisimama kila moja katika chumba chake cha mraba, katikati yake hubaki pengo lililoinama. Likiwa katika maandishi madogo pengo hilo halionekani. Likikuzwa kuwa kichwa cha habari huwa kama jino lililong'oka. Kichwa chetu cha wakulima kina mapengo ya namna hiyo mahali sita.

Wenzetu wa nchi nyingine walikutana na jambo kama hili. Mwaka 1968 lilianza kutoka huko New York jarida lililoitwa Avant Garde, na mchoraji Herb Lubalin akapewa kazi ya kuliandika jina lake. Jina hilo lina A, V na N, herufi zenye mistari iliyoinama. Lubalin hakuziacha zisimame mbali mbali. Alizisogeza hata zikaegemeana, mgongo wa moja ukalingana na ubavu wa nyingine, na pengo likatoweka. Kutokana na jina hilo likatungwa kundi zima la herufi, nalo likaanza kuuzwa mwaka 1970. Wengi waliozinunua walizitumia ovyo, wakaegemeza herufi pasipohitajika, kwa sababu waliona mtindo wasione sababu. Lubalin alikuwa amejibu swali la maneno mawili. Kiswahili kinauliza swali hilo hilo katika kila ukurasa, na jibu lake halina budi kutoka katika maneno ya Kiswahili.

Yako mambo mengine ya namna hiyo. Maneno yetu ni marefu: pale ambapo lugha nyingine huweka maneno manne yenye nafasi kati yake, sisi husema HAWATAKUBALI, neno moja lisilopumua. Herufi pana italikata neno hilo vipande viwili katika safu nyembamba ya jarida. Herufi iliyobanwa mno italifanya kuwa ua wa miti. Iko pia alama ndogo ya ng'. Mchoraji asiyejua lugha huiona kama takataka juu ya mstari, akaifinya au akaiacha. Lakini kung'oa si sawa na ngoa, kwani la kwanza ni kazi ya jembe na la pili ni wivu wa moyoni. Na jina la Kibong'oto bila ya alama yake si jina la mahali petu tena. Iko a ndogo, ambayo darasani huandikwa kama duara lenye kijiti ubavuni, na katika vitabu vingi vilivyopigwa chapa huwa na kichwa kilichopinda juu yake. Msomaji mzoefu hazioni kuwa mbili. Lakini mtu mzima aliyejiunga na kisomo katika Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, 1970, alifundishwa moja na kukutana na nyingine. Nayo ndiyo herufi inayorudi mara nyingi kuliko zote katika lugha yetu. Mwisho ziko Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji. Mchoraji aweza kushawishika aziache. Basi na akumbuke kwamba Wairaqw wa Mbulu ni wananchi wenzetu, na jina lao haliandikwi kamili bila ya Q. Herufi za taifa zisizoweza kuliandika jina la sehemu ya taifa zina kasoro isiyo ya uchoraji tu.

Hapa huenda msomaji akatupinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba haya yote ni anasa. Twajibu kwa mfano wa mfongo. Wazee waliochimba mifongo ya Kilimanjaro hawakutengeneza maji. Maji yalikuwapo mtoni. Walichofanya ni kupima mteremko kwa uangalifu mkubwa ili maji yafike kihambani bila ya kubomoa kingo na bila ya kupotelea njiani. Hakuna aliyesema mfongo ni anasa kwa kuwa si maji. Herufi nayo si habari, lakini habari hupita ndani yake, na panapovuja anayekosa ni yule wa chini kabisa: msomaji mgeni, mzee mwenye macho hafifu, mtoto wa darasa la pili.

Hoja ya pili ni kinyume cha hiyo. Kuna wanaosema: kama twataka herufi za kwetu, basi na tuzichore zenye mikuki, ngao, ngoma na milia ya punda. Hawa nao wamekosea njia. Mwaka 1923 Mjerumani Rudolf Koch alichonga herufi nene zilizoitwa Neuland, ambazo hazikukusudiwa kwa Afrika. Lakini kwa kuwa zinaonekana kama zimekatwa kwa shoka, wachapaji wa nchi za nje wamezizoea kuzibandika juu ya vitabu na matangazo yanayohusu Afrika, kana kwamba kila kitu chetu kimechongwa gizani. Tukijichorea mikuki tutakuwa tunaunakili mzaha huo kwa mikono yetu. Uzalendo wa herufi ni kwamba WA inakaa vizuri, ng' inaonekana, HAWATAKUBALI inapumua, na Mwairaqw analikuta jina lake.

Mpaka hapa tumezungumza kama kwamba herufi iliyochorwa vizuri imemaliza wajibu wake. Nasi tuliamini hivyo kwa muda mrefu. Lililotugeuza ni jambo moja, ambalo hatulisimulii kwa fahari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipokuwa karani kijana serikalini, tuliombwa kuchora herufi za vichwa kwa ajili ya jarida dogo lililopigwa kwa stensili na kusomwa katika vijiji vya Kilema. Tulifanya kazi hiyo jioni nyingi kwa taa ya chemli. Tulizifanya herufi ziwe nene lakini zenye nafasi, A yenye miguu imara, K yenye mikono iliyo wazi, na tulijaribu kila moja kwa kuwaonyesha watoto wa jirani mpaka hata aliyeanza kusoma juzi aliweza kuzitamka. Fahari yetu ilikuwa hiyo: kwamba mtoto aweza kuzisoma. Toleo la tatu lilipoandaliwa, tulipewa kichwa cha kuchora kuhusu kahawa iliyopungua katika ghala moja, na katika kichwa hicho karani wa mizani aliitwa mwizi. Tulikichora. Hatukuuliza neno, maana tulijiona sisi ni wa herufi na wengine ni wa habari.

Karani yule alikuwa na binti wa darasa la pili. Habari yenyewe, iliyopigwa kwa herufi ndogo za taipureta, hakuiweza. Kichwa alikiweza. Alikisoma kwa sauti mbele ya duka, silabi kwa silabi, akifurahi kwamba anasoma, mpaka akafika katika neno la mwisho. Miezi miwili baadaye ilionekana kwamba mizani ndiyo iliyokuwa na kasoro, na karani hakuwa na hatia. Jarida lilisahihisha kwa mistari mitatu ya taipureta, chini ya tangazo la mnada wa ng'ombe. Masahihisho hayo mtoto hakuweza kuyasoma.

Tumelifikiri jambo hili kwa miaka mingi. Wako waliotuambia kwamba hatuna lawama: uongo ulikuwa wa maneno, herufi zilikuwa safi. Hutolewa mfano wa mhunzi, ambaye hufua panga asijue litakata mgomba au mtu. Mfano huo ungetufaa kama tungechora herufi za kuuzwa kwa kila mtu. Herufi zilizochorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932, chini ya uongozi wa Stanley Morison, baadaye ziliuzwa kwa umma, na leo zimo katika kompyuta za ulimwengu mzima. Hakuna awezaye kumdai Morison hesabu ya kila barua iliyoandikwa kwazo. Lakini mtu anayelichorea jarida moja herufi zake lenyewe anamjua mwenye panga. Zaidi ya hayo, analipa jarida hilo sauti ambayo wasomaji wataizoea na kuiamini kwa kuiona tu. Kila siku ambayo herufi hizo zinabeba habari ya kweli, huongeza akiba ya imani. Siku zinapobeba uongo, uongo hutumia akiba ile ile. Uzuri wa herufi zetu haukuwa na hatia mpaka ulipotumika. Na ulipotumika, ndio uliofanya neno lile limfikie mtoto ambaye maneno mengine hayakumfikia. Hatukutunga uongo, lakini tuliupa miguu.

Basi jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: mchoraji wa herufi za vichwa ni mmoja wa wasemaji, na wajibu wake una pande mbili zisizotengana. Kwanza ana wajibu kwa lugha, kwamba azichore herufi kwa kuupima mwili wa lugha hiyo na si kwa kuazima kipimo. Pili ana wajibu kwa mtu anayetajwa, kwamba asikubali herufi zake ziseme kwa nguvu jambo ambalo hazitakuwa tayari kulifuta kwa nguvu hiyo hiyo. Akiombwa kuchora, na aombe aonyeshwe vichwa vitatu: cha furaha, cha msiba na cha kuomba radhi. Herufi isiyoweza ila kupiga kelele haifai kwa jarida la watu, kwa kuwa watu hawaishi kwa kelele peke yake. Na ikubaliwe tangu mwanzo kwamba kosa lililotangazwa kwa herufi kubwa litasahihishwa kwa herufi hizo hizo, kwa urefu ule ule, na mahali pale pale.

Jambo hili si geni kwa Wachagga. Mtu aliyemkosea mwenzake hamwendei usiku kwa mlango wa nyuma kumnong'oneza. Humwendea na jani la isale mkononi, likionekana, na aliyekosewa akiliona jani hilo huona vigumu kukataa suluhu. Nguvu ya isale ni kwamba halifichwi. Masahihisho ya mistari mitatu chini ya tangazo la mnada ni isale lililofichwa mfukoni.

Kwa walimu na wanafunzi tunapendekeza kazi moja. Chagueni kichwa cha habari cha Kiswahili, mkihesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kisha mkate herufi hizo katika karatasi na kuzipanga ukutani. Mtaona wenyewe mahali W na A zinapoachana, nanyi mtazisogeza kwa vidole mpaka jicho liridhike. Gazeti la ukutani la shule yenu likiwa na herufi zake lenyewe, zikateni kwa wingi wa kutosha, hasa K na A. Na siku ambayo gazeti hilo litamkosea mwanafunzi mmoja jina au sifa, msiende kutafuta kalamu nyembamba. Fungueni kisanduku kile kile.